Kala Nyeupe Ndefu au Kala Ndogo za Rangi? Ulinganisho kwa Anayepanga Harusi ya Kisasa

Maharusi wengi wanaokuja kwangu huanza kwa kufungua simu na kunionesha picha moja: bibi harusi kavaa gauni la satini lisilo na nakshi, na mkononi kalaza maua meupe marefu kama mtu aliyembeba mtoto aliyelala. "Dada, nataka haya." Nikiuliza wanayaitaje, mmoja atasema lili, mwingine arum, mwingine yungiyungi, na siku hizi wengi wanasema kala. Basi natoa mashina mawili ndooni nayaweka mezani. Moja refu kuliko mkono wangu, ua lake jeupe na pana kama kiganja. Lingine fupi, jembamba, la zambarau iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Karibu wote hushangaa nikiwaambia kwamba yote mawili ni kala. Uchaguzi unaanzia hapo, maana mawili hayo hayapambwi namna moja, hayavumilii joto sawasawa, na hayampendezi bibi harusi yuleyule.

Mimi ni mpambaji, nafanyia kazi Dar es Salaam. Kala nalipenda kuliko ua lolote ninalolishika, na kwa sababu hiyo naumia nikiliona limebanwa katikati ya waridi arobaini na majani ya kujazia mpaka halitambulikani. Kala ni ua la mstari. Uzuri wake wote uko kwenye mkunjo mmoja unaopanda kutoka chini ya shina hadi kwenye ncha ya ua. Kila ninapopima chaguo hili na lile, swali langu ni hilohilo: mstari ule unaonekana, au tumeuficha?

Ndugu yake ni gimbi

Kala si lili, wala si yungiyungi la majini. Ni ukoo mmoja na magimbi, yale ambayo Kenya huitwa nduma, na ukiliona jani la kala nyeupe shambani utauona undugu huo hapohapo. Lile tunaloliita petali jeupe si petali. Ni jani lililogeuka na kujiviringisha kuzunguka kidole cha njano, na maua yenyewe ni zile punje ndogondogo zilizoshikamana kwenye kidole hicho. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliliandika mwaka 1753 kwa jina la Calla aethiopica. Mwaka 1826 mtaalamu mwenzake, Sprengel, akalihamishia kwenye jenasi ya Zantedeschia, lakini jina la kwanza limeng'ang'ania midomoni mwa wauza maua mpaka leo. Hilo "aethiopica" lisikupeleke Ethiopia. Asili yake ni Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini, ambako huota penye maji, mitaroni na mabondeni. Huku kwetu limezoea nyanda za juu zenye baridi. Ukipita Lushoto, miteremko ya Kilimanjaro au Limuru, utalikuta kando ya vijito na nyuma ya nyumba za watu, wala hakuna anayelishangaa.

Nimeutaja undugu wa gimbi kwa sababu tabia za kala zinatokana nao. Shina lake ni kama sponji iliyojaa maji: laini, zito, na halina mti ndani. Ukilikata linatoa utomvu wa kuteleza. Utomvu huo una chembe zilezile zinazokuwasha koo ukila gimbi ambalo halikuiva vizuri. Shikilia hayo matatu, yatarudi tena.

Nyeupe kubwa dhidi ya ndogo za rangi

Kala nyeupe kubwa ina shina la sentimita 60 hadi 90, wakati mwingine zaidi, na ua lake linajaza kiganja. Ndogo za rangi, zilizozalishwa kutokana na spishi nyingine za Kusini mwa Afrika na kuendelezwa sana na wakulima wa New Zealand, mara nyingi shina lake ni sentimita 30 hadi 60 na ua lake ni la vidole vitatu. Nyeupe inapenda matope na maji. Za rangi hukua kutokana na kiazi, hazipendi udongo uliotuama maji, na huhitaji kipindi cha kupumzika kabla ya kuchanua tena. Ndiyo maana nyeupe unaweza kuipata kwa mama mwenye bustani Lushoto, wakati za rangi inabidi uagize kwa mkulima aliyepanga msimu wake mapema. Ukizitaka za rangi fulani kwa tarehe fulani, usisubiri wiki ya harusi.

Kwa uzuri wa sura, nyeupe kubwa ina ukimya. Shina moja likisimama kwenye kona ya meza kuu linatosha, mtu analiona toka mlangoni. Ndogo za rangi hazina nguvu hiyo zikiwa peke yake. Mbili tatu kwenye ukumbi wa watu mia nne hazionekani kabisa. Nguvu yake ni rangi na wingi. Funga thelathini za rangi moja na ukaribie, utaona kitu kama velveti.

Rangi nazo zina mitego. Ile inayokaribia weusi, Schwarzwalder, ndiyo inayopendwa sana kwenye picha, na kweli mchana, kwenye mwanga wa dirisha, hakuna ua linaloifikia. Lakini kumbi zetu usiku zinawashwa taa za zambarau na bluu, na MC anapenda kuzima taa kubwa maharusi wanapoingia. Kwenye mwanga huo Schwarzwalder linapotea. Wageni wataona bibi harusi kashika kitu cheusi, basi. Kama sherehe yako ni ya usiku na unataka rangi, afadhali Mango, yenye chungwa la embe dodo lililoiva, au Picasso, ambayo ukingo wake ni mweupe na ndani ya koo lake kuna zambarau. Kwa anayetaka kubaki kwenye ukimya wa nyeupe bila kufanana na kila mtu, iko Green Goddess, kubwa kama nyeupe ila imepakwa kijani kuelekea kwenye ncha. Hii nampa bibi harusi mwenye gauni la krimu bila kusita.

Kuhusu joto, watu wengi hudhani kubwa ndiyo imara. Ni kinyume. Za rangi zina ngozi nzito zaidi na hukaa siku nyingi zaidi kwenye maji; hata wiki moja na zaidi zikitunzwa. Nyeupe kubwa inaonekana imara, lakini Dar ya Januari, mchana joto likipita nyuzi 30, kingo zake huanza kuwa na rangi ya chai kabla ya siku kuisha. Na ina aibu: ukiibonyeza kwa kidole leo asubuhi, jioni alama ya kidole chako ipo pale, ya kahawia. Nawaambia wasaidizi wangu waishike shina tu, kama wanavyoshika glasi ya mvinyo. Kwa harusi ya Arusha, Moshi au Iringa, nyeupe haina shida. Kwa harusi ya ufukweni Bagamoyo saa nane mchana, chukua za rangi, au panga nyeupe zitoke kwenye baridi dakika za mwisho kabisa.

Shada la bibi harusi: kulaza, kufunga tufe, au shina moja

Hapa ndipo pesa ya maua isifanyiwe ubahili, kwa sababu picha zitakazobaki ukutani zote zina shada hilo.

Shada la kulaza mkononi ndilo lililo kwenye ile picha ya simu. Kala nyeupe 9 hadi 15, mashina yote marefu, zimepangwa kwa kupishana kimo, zinalala juu ya mkono wa kushoto. Ndilo linaloonesha mstari kuliko yote. Linampendeza bibi harusi mrefu, gauni lililonyooka au la kubana mwili, kitambaa kisicho na kazi nyingi. Bibi harusi mfupi likimzidi kimo linammeza. Kwa huyo nakata mashina mpaka shada lisizidi urefu wa mkono wake toka kiwiko hadi ncha za vidole, na nampa maua 7. Jambo ambalo wengi hawalifikirii: shada hili linahitaji mazoezi. Mtu akilishika mbele kwa mikono miwili kama mshumaa, linageuka fimbo. Namwambia bibi harusi achukue ufagio wa chelewa nyumbani, aulaze mkononi, atembee nao sebuleni mara kumi. Wanacheka, halafu wanafanya, na kanisani unaona tofauti.

Shada la tufe ni la kala ndogo, 25 hadi 40, vichwa vimekusanywa kwa kuzunguka, mashina yamekatwa mafupi na kufungwa utepe. Hili linakwenda na gauni pana la kupepea na lesi nyingi, ambapo shada refu lingegombana na gauni. Mstari wa kala hapa unapotea, nakubali, lakini badala yake unapata mzunguko: maua yote yakielekezwa upande mmoja, kama yanafuatana, jicho linazunguka nayo. Fundi asiyejua atayaelekeza kila moja kwake, na matokeo yake ni kama kikapu cha vikombe vilivyomwagwa. Ukiona kazi ya mtu kabla ya kumlipa, tazama hilo kwanza.

Shina moja, au mawili matatu yamefungwa kwa utepe mwembamba, ni la wenye ujasiri. Kwa harusi ya bomani yenye watu ishirini na chakula cha mchana baadaye, nalipenda kuliko mengine yote. Kwa harusi ya kamati na michango ya mwaka mzima, wazee wanaweza kuuliza pesa ya maua imekwenda wapi, na swali lao ni la haki. Mahali pake pazuri ni kwa wasimamizi: bibi harusi shada la kulaza, wasaidizi wake kila mmoja shina moja la rangi ya gauni lake.

Sasa turudi kwenye utomvu. Nilipoanza kazi hii nilimfungia bibi harusi kala kumi na moja, mashina yakiwa wazi chini kwa sentimita kumi, kama nilivyoona kwenye picha. Nilizitoa majini, nikazikata upya ncha, nikampa. Akakaa kwenye gari dakika ishirini kaziweka mapajani. Aliposhuka, kwenye satini palikuwa na matone matatu, na yalipokauka yakaacha doa la rangi ya maji ya kutu. Tulifanya kila tulichoweza, na picha zake zote za kanisani shada lile limeshushwa chini kidogo, linafunika mahali palepale. Sijalisahau. Tangu siku ile nakata ncha saa mbili kabla, naziacha zichuruzike, nazifuta, nazizungushia karatasi laini na tepu ya maua, kisha utepe wa satini juu. Anayetaka mashina wazi nampa, ila shada linasafiri kwenye glasi mkononi mwa msimamizi, halikai mapajani mwa mtu.

Kwa ua la koti la bwana harusi sina mjadala mrefu: kala ndogo moja, kichwa kikiwa hakijafunguka sana. Nyeupe kubwa kifuani inaonekana kama spika. Pini ipite kwenye utepe, isitoboe shina, kwa sababu shina litavuja kwenye koti.

Mezani: glasi ndefu au sahani ya chini

Mapambo mawili yanagombea meza za wageni. La kwanza ni glasi ndefu ya mviringo, kala tatu zimezamishwa nzima ndani ya maji, mshumaa unaelea juu. La pili ni sahani pana ya chini, kitanda cha sindano, kile kibati chenye miiba ya kushikia mashina, kimefichwa kwa kokoto, kala tatu au tano zimesimama zikiinama upande mmoja, maji yanaonekana.

La glasi linavutia haraka na linapendeza kwenye ukumbi mkubwa, kwa sababu lina kimo, na mwanga ukitoka chini ya glasi kala inawaka kama taa. Kala ni miongoni mwa maua machache yanayoweza kukaa chini ya maji usiku mzima yasiharibike, kwa ile ngozi yake yenye nta. Lakini lina kazi. Shina la sponji linaelea, kwa hiyo lazima ulifunge uzito chini, kijiwe kwa waya laini, ukifunike na kokoto za kioo. Maji ya bomba yakipata joto la ukumbi yanatoa viputo vidogo vinavyong'ang'ania ua. Mimi nachota maji jana yake na kuyaacha yatulie. Na glasi zikiwa ndefu, hakikisha wageni wanaonana uso kwa uso, ama glasi iwe nyembamba sana ama maua yawe juu ya macho yao.

La sahani ni la bei nafuu kwa maana ya vyombo, na ndilo ninalolichagua nikiachiwa niamue. Mstari uko wazi, mkunjo unaonekana, na wageni wanaongea bila kuchungulia. Shina la kala ukiliviringisha taratibu kwenye viganja vyenye joto, toka chini kwenda juu, linakubali kupinda. Unaweza kulipa mkunjo unaoutaka bila waya. Lifanye baada ya maua kutoka majini na kulegea kidogo, yakiwa yamejaa maji yanavunjika kwa sauti, na sauti ile inauma.

Sponji ya kijani ya wapambaji siipendekezi kwa kala. Shina laini linapasuka ukilisukuma humo, na sponji yenyewe ni plastiki isiyooza. Anayelazimika kuitumia atoboe tundu kwanza kwa penseli.

Na waridi je? Na asumini?

Swali la kamati ya harusi huwa ni waridi, kwa sababu waridi zinapatikana kirahisi Arusha na Naivasha na kila mtu anajua bei yake. Jibu langu: waridi linajaza, kala linachora. Kama una tao kubwa la kufunika au nyuma ya meza kuu pana ukuta mbaya wa kuficha, waridi litakufaa kuliko kala, na utahitaji mengi. Kama ukumbi wenyewe ni mzuri, una kuta nyeupe au mbao au bahari nyuma, kala chache zinatosha na pesa inabaki. Kuchanganya yote mawili kwenye chombo kimoja nakubali kwa namna moja tu: waridi za rangi moja zikiwa zimebanwa chini kabisa, na kala zinatoka juu yake peke yake, bila majani ya kujazia. Anthuria, ndugu mwingine wa ukoo huu, asiwekwe karibu na kala. Wote wanapigania jicho lilelile.

Pwani mambo ni mengine. Kala halina harufu ya kutajwa, na harusi ya Mombasa, Tanga au Unguja isiyo na harufu wenyewe wataihesabu kuwa haijakamilika. Mtu wa pwani ua kwake ni asumini, mkilua, mlangilangi, kikuba, yaani kifungu kidogo cha maua ya kunukia, kifuani na maua kwenye nywele. Simshauri mtu aache hayo achukue kala. Asumini ibaki kichwani na kifuani, mahali pake pa asili, kala ishikwe mkononi. Moja linaonekana kutoka mbali, lingine linajulikana ukikaribia. Asumini huchanua jioni, kwa hiyo kwa sherehe ya usiku vyote viwili vinakutana vikiwa katika ubora wake.

Nyanda za juu nako kuna swali la aina yake. Mama mmoja wa Moshi aliingia nikiwa nafunga majaribio ya shada la binti yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Haya maua si ndiyo tunayoweka makaburini?" Binti akanyamaza. Nami nilinyamaza kidogo, kwa sababu mama yule hakukosea. Penye mgomba na mfereji kala huota bure, na kinachoota bure ndicho kinachokatwa kukiwa na msiba. Nikamwonesha tofauti. Msibani yanafungwa mengi kwa pamoja, na majani yake mapana, mara nyingi na utepe wa zambarau. Nikaondoa majani yote, nikabakisha tisa, nikafunga utepe wa rangi ya shaba. Akalishika, akaligeuza, akasema, "Hilo la mwisho halina msiba." Kama kwenu kuna mzee mwenye hisia hiyo, mpe nafasi ya kuona kabla ya siku yenyewe, au chagua kala za rangi, ambazo hakuna anayezihusisha na kaburi.

Halisi au za bandia

Kariakoo zipo kala za bandia ambazo ukigusa zinakaribia zile halisi, na sioni haya kuzitumia mahali ambapo ua halisi litateswa: tao la nje juani, maua yanayoning'inia darini, karibu na jenereta ya jukwaa yenye joto. Zikionekana za bandia, kosa liko sehemu mbili, shina lililonyooka kama rula na kidole cha ndani chenye chungwa la kung'aa. La kwanza utalirekebisha kwa kupinda waya wa ndani, kila shina kivyake. La pili limeshapakwa rangi, hulirekebishi, kwa hiyo chagua dukani kwa makini. Mkononi mwa bibi harusi na kwenye meza kuu, weka halisi. Ua halisi lina uzito na ubaridi, na mtu aliyeshika kitu chenye uzito anatembea tofauti na aliyeshika povu.

Keki na watoto

Usichomeke shina la kala kwenye keki. Zile chembe za utomvu ni sumu ya kuwasha, midomo na koo vinavimba. Ukilitaka kwenye keki, muombe mtengenezaji alifinyange kwa sukari. Kala ni miongoni mwa maua rahisi kwake, ni kipande kimoja cha kuviringisha. Na mtoto mdogo anayetangulia na maua mpe petali za waridi kwenye kikapu. Watoto wa miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni.

Ukishaamua, agiza hivi

Kala halifunguki tena likishakatwa, au hufunguka kidogo sana. Ulivyoliona ndooni ndivyo litakavyokuwa kanisani, hivyo usipokee yaliyofumba ukitumaini yatachanua kesho. Usipokee pia ambayo kidole chake kimeanza kutoa unga wa njano. Hilo limezeeka na litachafua gauni. Kwa meza 30 zenye kala tatu kila moja unahitaji 90. Ongeza asilimia 15 ya kuvunjika njiani, agiza 104. Kutoka Arusha hadi Dar yasafiri yamelala kwenye boksi, vichwa vimetenganishwa kwa karatasi, yafike siku mbili kabla, siyo asubuhi ya harusi. Niliwahi kuyangoja yaliyopangwa kufika alfajiri, basi likaharibika njiani, na yalipofika saa sita mchana robo yalikuwa yamepikika.

Yakifika, yakate upya na yaweke kwenye maji ya vidole vinne tu. Usijaze ndoo. Msaidizi wangu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliyajaza maji mpaka shingoni usiku kucha, na asubuhi mashina yalikuwa yamelegea kama tambi, ncha zimepasuka na kujikunja nje kama maganda ya ndizi. Mzunguko mmoja wa selotepu kwenye ncha unazuia kupasuka. Badilisha maji kila siku, tone la jiki ndani yake si vibaya. Ukiyaweka kwenye friji, nyuzi 4 hadi 8 zinatosha, na za rangi zikae upande wa 8, baridi kali inaziumiza.

Binti mmoja wa Tanga alichukua wiki mbili kuamua kati ya zile nyeusi alizoziota na nyeupe nilizomshauri. Nikah ilikuwa mchana nyumbani kwao, ukumbi usiku. Tulijaribu zote mbili chini ya taa za ukumbi wenyewe, siku nne kabla, akasimama kwenye jukwaa tupu na shada katika kila mkono huku dada yake akipiga picha kutoka mlangoni. Alipoziona picha alichagua mwenyewe, nyeupe tisa za kulaza. Jioni ile nikiwa namalizia utepe, mama yake alikuwa amekaa pembeni anatunga asumini kwenye uzi, mpya za siku hiyo, zimeanza kufunguka. Akanyanyuka, akachukua kikuba kimoja alichobakiwa nacho, akakifunga mahali mkono wa binti yake ungeshika shada. Nikausogeza utepe chini kwa upana wa kidole ili kikuba kipate nafasi, na tukatoka.